Bordeaux hadi Sète kwa baiskeli: siku 10 kando ya mifereji

Kusini mwa Ufaransa mtu anaweza kutoka upande wa Atlantiki hadi Mediterania kwa baiskeli, karibu safari nzima akiwa kando ya maji, na magari akakutana nayo kwa vipande vichache tu. Mfereji wa Garonne, uliochimbwa kati ya 1838 na 1856, una kilomita 193 kutoka Castets-en-Dorthe hadi Toulouse. Hapo unakutana na Mfereji wa Midi, kilomita 240, unaoishia kwenye ziwa la maji chumvi la Thau. Ukiongeza kipande cha kutoka Bordeaux na kile cha kuingia Sète, unapata kama kilomita 520.

Wanaojiandaa kwa safari hii huuliza kuhusu milima. Milima hakuna. Kinachoamua safari ni uso wa njia. Hadi siku ya sita ni lami. Baada ya hapo ni udongo, changarawe na mizizi, na mtu aliyekuwa akienda kilomita 16 kwa saa ataenda 11 kwa nguvu zile zile. Ndiyo maana siku za mwisho hapa zina kilomita chache kuliko ambavyo ramani ingekushawishi uzipange.

Matairi ya milimita 32 yanatosha hadi Toulouse. Kwa safari nzima weka ya 40 au zaidi, na hakikisha kati ya tairi na madigadi kuna nafasi ya angalau milimita 15, la sivyo tope litajaa humo. Mzigo usizidi kilo 15, na sehemu kubwa ikae chini, kwenye mifuko ya pembeni ya keria. Boliti za keria zipakwe gundi ya kuzuia kulegea. Beba tyubu mbili, viraka vikiwemo vikubwa, alenki za 4, 5 na 6, kitoa cheni, na spoku tatu za gurudumu la nyuma upande wa gia. Upande huo ndio unaobeba mvutano mkubwa, na ndio unaokatika. Spoku zake huwa fupi kwa milimita moja au mbili kuliko za upande wa pili, kwa hiyo usinunue za kubahatisha. Kengele ni ya lazima, na sababu yake utaiona kwenye daraja la kwanza.

Mwelekeo wa magharibi kwenda mashariki una faida. Katika mkoa wa Aude upepo unaotawala ni ule wanaouita Cers, unaovuma kutoka magharibi na kaskazini-magharibi, nao utakusukuma mgongoni. Mpinzani wake ni Autan, upepo wa kusini-mashariki unaoweza kushika eneo la Toulouse kwa siku kadhaa mfululizo. Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba.

Siku ya 1: Bordeaux hadi Sauveterre-de-Guyenne, kilomita 60

Vuka mto Garonne kwa Pont de Pierre, daraja la mawe lenye matao 17 lililofunguliwa 1822, kisha fuata ukingo wa kulia kuelekea juu ya mto hadi Latresne. Hapo inaanza njia iliyojengwa juu ya reli ya zamani, iliyopewa jina la Roger Lapébie, mshindi wa Tour de France ya 1937. Huo ndio mwaka waendeshaji wa mashindano hayo waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kutumia gia za kubadilisha cheni kama hizi tunazobebea mizigo leo.

Treni haipandi mwinuko mkali, kwa hiyo kipando cha kuelekea Créon ni chepesi lakini hakiishi upesi. Usikikimbilie. Weka gia ndogo, miguu izunguke kwa wepesi, na uache magoti yazoee uzito. Baada ya kilomita 20 simama ukaze boliti zote za keria na za tandiko. Mzigo mpya hukaa vizuri katika saa ya kwanza ya mtikisiko, na boliti iliyokuwa imekaza nyumbani huwa imeachia robo mzunguko. Ukiiacha hivyo, siku ya saba itakuwa imeanguka njiani.

Kila njia inapokatiza barabara kuna vizuizi vya chuma. Mifuko ikiwa imetanuka sana pembeni, itagonga. Pita polepole ukiwa umenyanyua pedeli ya upande wa kizuizi.

Siku ya 2: Sauveterre hadi Le Mas-d'Agenais, kilomita 45

Hiki ndicho kipande kirefu chenye magari, nacho si kirefu kweli: barabara ndogo za mashamba ya mizabibu hadi La Réole, kuvuka Garonne, halafu Fontet. Kipite asubuhi mapema, ukiwa na nguo yenye rangi kali. Kuna vipando vifupi vikali kuliko chochote utakachokikuta baadaye.

Fontet unaingia kwenye njia ya mfereji. Zamani hapa ndipo walipopita farasi waliokokota mashua, na ndiyo maana njia iko sawasawa na maji na imetenganishwa nayo na ukingo wa nyasi tu. Kupanda huja mahali pamoja tu, kwenye lango la maji: chumba chenye milango pande mbili kinachojazwa au kumwagwa ili mashua ipande au ishuke. Baiskeli hupanda kimo hicho hicho kwa mteremko mfupi pembeni. Shuka gia kabla hujafika, maana ni mita 30 tu za kukaza, na anayebadilisha gia katikati akiwa na mzigo anakata cheni.

Mfereji huu una malango 53, yamehesabiwa kutoka Toulouse, hivyo kwako namba zitakuwa zikipungua. Umbali wa mfereji nao unahesabiwa kutoka Toulouse: Fontet ni karibu kilomita 181, Le Mas-d'Agenais 155, Agen 107, Moissac 64. Ukilijua hilo huhitaji kutoa simu mfukoni kila mara.

Le Mas iko juu ya kilima, mbali kidogo na maji. Inafaa kupanda: kanisani mna mchoro wa Kristo msalabani uliochorwa na Rembrandt mwaka 1631.

Siku ya 3 na ya 4: Le Mas hadi Agen, kilomita 48, Agen hadi Moissac, kilomita 43

Lami nzuri, kivuli, njia iliyonyooka. Kinachosumbua hapa ni mikono. Mtu anayekaa mkao mmoja kwa saa tatu bila mlima wa kumfanya asimame hupata ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja unabanwa na usukani. Badilisha mahali pa kushika kila dakika kumi, na shuka kila saa hata kama hujachoka.

La pili ni madaraja ya zamani ya mawe. Njia huteremka chini ya tao, inabanwa hadi upana wa mtu mmoja, na mara nyingi hakuna reli ya kukuzuia usiingie majini. Huwezi kumwona anayekuja. Piga kengele kabla ya kona, punguza mwendo, shika upande wa ukuta. Majani ya vuli yakilowa hapo huteleza kama sabuni. Breki ya mbele usiiguse ukiwa umelala kwenye kona.

Kabla ya kituo cha Agen kuna malango manne yaliyofuatana, halafu mfereji wenyewe unavuka mto Garonne juu ya daraja la mawe lenye matao 23. Maji yanapita juu ya maji, na wewe unapita pembeni yake kwa baiskeli. Njia ni nyembamba na watembea kwa miguu wengi, kwa hiyo mizigo mipana isukumwe kwa miguu.

Baada ya Agen utaiona mbele mivuke ya mitambo ya nyuklia ya Golfech muda mrefu kabla ya kuifikia. Moissac ni mahali pazuri pa kupumzika, na uwanja wa ndani wa abasia yake wenye nguzo za marumaru una maandishi ya mwaka 1100.

Siku ya 5: Moissac hadi Toulouse, kilomita 64

Mara tu baada ya Moissac mfereji unavuka mto Tarn juu ya daraja la Cacor. Mafuriko ya Machi 1930 yalipobomoa daraja la reli jirani, treni zilipitishwa kwa muda juu ya daraja hili la mfereji.

Montech inastahili nusu saa. Mwaka 1974 ilijengwa hapo njia ya kupandishia mashua bila kutumia malango: mtaro wa zege wenye urefu wa mita 443 na mwinuko wa asilimia 3, ambamo vichwa viwili vya treni vilivyotembea kando vilisukuma ukuta wa chuma, na ukuta ukasukuma kabari ya maji pamoja na mashua iliyoelea ndani yake, mita 13.3 kwenda juu. Mitambo haifanyi kazi tena, ila ipo, na ukiitazama unaelewa papo hapo.

Kilomita 15 za mwisho ni za viwanda na reli. Mjini Toulouse njia inaendelea kando ya maji hadi mbele ya kituo cha treni cha Matabiau, lakini inakatizwa na taa za barabarani. Usiingie saa za watu kutoka kazini. Hapa ndipo pa kununua raba za breki na tyubu. Mbele maduka ya baiskeli ni ya kuvizia miji mikubwa.

Siku ya 6: Toulouse hadi Castelnaudary, kilomita 65

Kama Autan inavuma, toka alfajiri. Lami inaendelea kwa kama kilomita 50 hadi Port-Lauragais. Malango ya Midi ni tofauti na yale ya Garonne: kuta zake zimepinda kama yai, kwa sababu ukuta uliopinda hustahimili msukumo wa udongo kuliko ulionyooka. Kwenye nyumba ya mlinzi wa lango hukaa kibao chenye jina la lango na umbali wa mita hadi lango linalofuata na lililopita. Ndiyo ramani bora ya njia hii.

Kisha Naurouze, kimo cha takriban mita 189, mahali maji yanapogawana: upande mmoja Atlantiki, upande wa pili Mediterania. Tatizo la mfereji unaopita juu ya mgongo wa nchi ni kwamba kila mashua inayopita huteremsha maji pande zote mbili, na juu hapo hakuna mto wa kuyarudisha. Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers, alilijibu swali hilo kwa kukusanya vijito vya milima ya Montagne Noire, kuyahifadhi maji nyuma ya bwawa la Saint-Ferréol, na kuyaleta Naurouze kwa mtaro. Louis XIV aliidhinisha kazi hiyo mwaka 1666. Riquet alifariki 1680, miezi michache kabla mfereji haujafunguliwa 1681. Mtaro wake bado unaleta maji. Simama pale unapoingia, chini ya miti mikubwa, uone jinsi ulivyo mdogo kwa kazi inayoufanya.

Simama pia kwa ajili ya matairi. Lami imekwisha. Kwa tairi la 40 na mzigo wa kilo 15, kama ulikuwa na upepo wa PSI 50 nyuma na 45 mbele, shuka hadi 42 na 35. Mtu mzito apunguze kidogo tu. Tairi lenye upepo mwingi hurukaruka juu ya mizizi, na kila mruko unaishia kwenye keria na spoku. Kuanzia hapa kaza boliti kila asubuhi.

Siku ya 7: Castelnaudary hadi Carcassonne, kilomita 40

Kilomita 40, na bado ni siku nzima. Ukitoka kwenye bwawa kubwa la mji, lenye hekta 7, unashuka kando ya malango manne ya Saint-Roch, halafu njia inabadilika kila baada ya kilomita chache: changarawe iliyoshindiliwa vizuri, kisha kijia chenye upana wa tairi kati ya nyasi, kisha mizizi.

Mizizi ni ya miplatani. Inatambaa kukatiza njia, imesuguliwa na matairi hadi inang'aa, na mara nyingi iko kivulini ambako jicho lililotoka juani halioni. Ipite ikiwa mbele yako kwa pembe mraba, umenyanyuka kidogo kwenye tandiko, mikono imelegea, pedeli zikiwa sawa. Ukiukata mzizi mlowevu kwa mshazari, tairi la mbele litateleza kuufuata, na upande mmoja ni maji.

Pancha ya hapa ina sura yake. Ukitoa tyubu na kukuta matundu mawili membamba yaliyokaa sambamba, kama sentimita moja kati yake, usitafute mwiba. Tairi liligonga mzizi, tyubu ikabanwa kati ya mzizi na kingo mbili za rimu. Viraka viwili vidogo vitapandana ukingoni na kuvuja. Tumia kimoja kikubwa kinachofunika matundu yote. Sugua kwa msasa hadi mng'ao uishe, paka gundi nyembamba pana kuliko kiraka, subiri dakika tano hadi isinate kwenye kidole, ndipo ubandike na kukandamiza kuanzia katikati kwenda nje. Haraka katika zile dakika tano ndiyo inayofanya kiraka kibanduke jioni. Kisha ongeza PSI 4 au 5, kwa sababu pancha ya namna hii inakuambia umeshusha upepo kupita kiasi kwa uzito wako.

Mvua ikinyesha, udongo wa mfinyanzi hugeuka gundi. Unajaa kwenye madigadi hadi gurudumu linagoma. Beba kijiti cha kukwangulia; ikizidi, fungua madigadi ya mbele uifunge juu ya mzigo. Kulazimisha kwa pedeli huvunja mkono wa gia ya nyuma, na hiyo hairekebishiki njiani. Mvua ya siku nzima ni sababu ya kutosha ya kuhamia barabara ndogo za jirani au kupanda treni. Reli ya Bordeaux hadi Sète, iliyokamilika 1857 na kuunyang'anya mfereji biashara yake, inapita karibu na maji: Agen, Moissac, Castelnaudary, Carcassonne, Béziers na Agde zote zina stesheni, na treni za TER, yaani treni za mikoani, hubeba baiskeli, ingawa nafasi ni chache.

Miplatani yenyewe inakufa. Ilikuwa kama 42,000 kando ya mfereji. Ugonjwa wa kuvu uitwao Ceratocystis platani uligunduliwa hapa mwaka 2006. Hauna dawa, unaenea kwa mizizi, maji, na hata kamba za mashua zinazokwaruza magome, na mti ukiugua hukatwa na kuchomwa pamoja na majirani zake. Inauma kuona kingo zilizokuwa handaki la majani zikiwa wazi, japo miti ya aina nyingine inapandwa. Kwa mwendeshaji hilo lina maana mbili: vipande virefu visivyo na kivuli, na vibao vya kukuondoa njiani wakati wa ukataji. Fuata vibao hivyo.

Siku ya 8: Carcassonne hadi Le Somail, kilomita 61

Siku ndefu na ya joto. Beba lita tatu za maji. Malango si mahali pa kutegemea maji ya kunywa. Makaburi ya vijijini huwa na bomba, na kama hakuna kibao kinachosema maji hayanyweki, jaza chupa. Maduka hufungwa adhuhuri kwa saa mbili au zaidi, na mengi hayafunguki Jumatatu, kwa hiyo nunua mkate asubuhi.

Trèbes, Marseillette, Puichéric, Homps: vijiji vinafuatana vizuri, na malango ni mengi hadi Argens. Baada ya lango la Argens hakuna lingine kwa kilomita 54. Mfereji unazunguka kila kilima badala ya kukikata, ili usipoteze kimo, na wewe unazunguka nao. Karibu na Paraza unapita juu ya daraja la Répudre la 1676, ambalo limewatangulia ndugu zake wote uliowavuka.

Siku ya 9: Le Somail hadi Béziers, kilomita 41

Njia ni bora kuliko jana, na mizunguko ni mingi: Capestang utaiona mnara wake wa kanisa kwa muda mrefu bila kuonekana kuukaribia. Usikate kona kwa barabara. Mandhari ya leo yako kwenye mizunguko.

Malpas, mfereji unapita ndani ya kilima kwa handaki lililochimbwa 1679. Baiskeli inapanda juu ya kilima. Ukiwa juu, tembea hadi Ensérune utazame bonde la Montady: ziwa lililokaushwa mwaka 1247, mashamba yake yakiwa vipande vya pembetatu vinavyokutana katikati. Maji yake yanatolewa kwa mtaro unaopita chini ya kilima hicho hicho, chini hata ya handaki la reli.

Fonserannes ni ngazi ya vyumba vya maji vilivyoshikana, yenye kimo cha zaidi ya mita 21. Watu ni wengi. Shuka, sukuma, na shikilia breki zote mbili. Mwisho wa mteremko pima raba: zikibaki chini ya milimita mbili, badilisha Béziers.

Siku ya 10: Béziers hadi Sète, kilomita 50

Mfereji unavuka mto Orb kwa daraja la 1858, halafu nchi inatambarika kabisa. Agde kuna lango la duara lenye milango mitatu, mashua huzunguka ndani yake kuchagua njia. Mfereji hapo unaungana na mto Hérault, nawe unalazimika kuuvuka kwa daraja la mjini na kuurudia upande wa pili. Fuata vibao kwa makini, maana ndipo wengi wanapopotelea kwenye barabara kubwa.

Kwenye taa ya bandari ya Les Onglous mfereji unakwisha. Kutoka Marseillan-Plage hadi Sète kuna njia ya baiskeli kati ya bahari na ziwa la Thau, na upepo wa pembeni unaoweza kuyumbisha mifuko. Mchanga ukiwa umefunika njia, usikate kona wala kufunga breki ya mbele. Nyoosha usukani uendelee kuzungusha miguu.

Kabla ya kupanda treni Sète, osha cheni kwa maji baridi, ifute kavu, upake mafuta. Chumvi na mchanga vikilala humo usiku mmoja, kutu inaanza.